Sala ya Mama Iliyopigiwa Ngoma

Katika filamu za kanisa letu mimi nimeshapagawa kuliko mtu yeyote ninayemjua. Nimekuwa mke wa mganga. Nimekuwa mama ntilie wa machimboni anayetia dawa kwenye mchuzi ili wateja warudi. Katika filamu moja nilikuwa na pepo wa uzinzi na pepo wa ulevi kwa pamoja, nikagaagaa vumbini nyuma ya stesheni mpaka gauni likachanika, na gauni lenyewe nililishona kwa mkono wangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Shinyanga mjini, na kanzu zote nyeupe za malaika mnaowaona kwenye filamu zile zimetoka kwangu. Malaika wote nimewapima mabega na viuno, lakini kanzu sijawahi kuvaa hata moja.

Sababu ninaijua. Malaika wetu huchaguliwa kwa rangi. Awe mweupe, ikishindikana awe maji ya kunde, na Kiswahili chake kiwe cha mtu aliyekua karibu na bahari. Mimi ni mweusi tii, mabega yangu ni ya mtu aliyelima pamba, na ulimi wangu ni wa Kisukuma, nikisema roho inatoka loho. Mwongozaji wetu alikuja na uhamisho kutoka Dar es Salaam, na kwa kuwa ndiye anayefundisha pia kwaya, kanisa zima tunamwita Mwalimu. Aliniambia kwa upole kabisa, "Dada, kipaji unacho, ila uso wako una nguvu za giza." Nikamwuliza nguvu za giza zinakaa upande gani wa uso. Akasema kamera ndiyo inayoziona, yeye hahusiki.

Basi kamera yetu imeshaipanga dunia. Mtu wa kwenda mbinguni anakaa nyumba ya vigae, anaongea taratibu, anakula wali. Mtu wa kwenda motoni anakaa nyumba ya nyasi, anakula michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na anaongea Kisukuma. Mhusika akisema tu "mwangaluka", salamu ya asubuhi ambayo tunampa hata mtoto mdogo, nyuma inalia ngoma ili mtazamaji ajue shetani kaingia. Na hili ni kanisa la Shinyanga. Ukiwatoa Wasukuma kwenye mabenchi unabaki na Mwalimu, mke wake, na mhasibu mmoja wa kutoka Moshi.

Huyo mhasibu ndiye Yesu wetu. Hakuwa chaguo la kwanza, na yeye mwenyewe hajui. Kwanza Mwalimu alimtolea macho kijana mmoja mwenye duka la vitambaa sokoni, ninakonunulia zile satini za malaika. Baba yake ana asili ya Kiarabu, mama yake Mnyamwezi, na kijana ametoka na nywele za mawimbi na pua ndefu. Ni Mwislamu, lakini hilo Mwalimu halikumsumbua. Alimfuata dukani mimi nikiwepo, akamwambia ana sura ya Mwokozi. Kijana aliweka mkasi chini, akamwagizia soda, akamjibu kwa adabu, "Mwalimu, kwetu sisi nabii haigizwi. Mama yangu akisikia, leo silali nyumbani." Mwalimu akawaza kidogo, kisha akamwuliza kama basi anaweza kuwa yule tajiri fisadi anayenunua dhahabu ya wizi. Safari hii kijana alikataa bila kuagiza soda.

Kisha ikaja filamu ya dhahabu. Hadithi yake ilikuwa hivi: kijana anachimba Nyarugusu, anahangaika, hapati kitu, kumbe nyumbani kijijini kuna mchawi anayemfunga bahati. Mwishoni anatokea mchungaji mwenye suti, anawafungua wote, mvua inanyesha. Mwalimu alitaka kijiji cha kweli, na mimi kijiji ninacho, maana mama yangu anakaa Kishapu, ndani kabisa, kwenye nyumba niliyozaliwa. Akaomba kundi lifikie kwake. Akasema na mama mwenyewe atapata nafasi: atakuwa mama wa mchimbaji, mama mwombaji.

Hapo nilimsimamisha. Nilimwambia, "Mwalimu, niahidi mama yangu hawi mchawi." Mama ana macho mekundu. Amepikia vijiti vya pamba na mavi makavu ya ng'ombe tangu akiwa msichana, kwenye jiko lisilo na dirisha, na moshi umemaliza kazi yake. Huku kwetu macho mekundu ya mwanamke mzee si jambo la kuchekea. Wapo vikongwe waliokatwa mapanga kwa ajili ya macho hayo tu, na jirani wa bibi yangu alikuwa mmoja wao. Mwalimu aliweka mkono kifuani, akasema, "Dada, mbele za Mungu, mama ni mwombaji." Nikaridhika, maana ni mtu wa kanisa.

Mama alifurahi kuliko mimi. Mdogo wangu, kitinda mimba wake, ni mchimbaji Nyarugusu kweli, hiyo si filamu. Mama akaona Mungu amemkumbuka, watu watamwona mama mwenye mtoto chini ya ardhi akimwombea. Kundi lilipofika alikuwa amevaa sare ya akina mama wa kanisa, kitambaa kimekaa kichwani sawasawa, maana yeye ndiye mwenyekiti wao. Tulimwamkia shikamoo akaitikia marahaba kwa kila mmoja, akatutengea michembe na karanga. Mwalimu alikula huku anazungusha macho, na nilimwona anavyonyong'onyea. Nyumba ya mama ina bati. Juu ya bati kuna sola, na pembeni kuna dishi ambalo mdogo wangu alimfungia siku alipopata dhahabu kidogo.

"Hapa hapafanani na kijijini," Mwalimu akasema.

Mama, aliyeishi pale miaka yake yote, akamwomba radhi.

Wakaishusha sola, wakalifunika dishi kwa turubai, wakahamia kwenye jiko la zamani la nyasi karibu na zizi. Kisha Mwalimu akaomba mama avue sare avae kaniki. Mama akamwambia kaniki aliiacha alipookoka, sasa inaziba dirisha la banda la kuku. Wakaenda kuitoa. Mama akaivaa shingo upande, ina vinyesi vya kuku kwenye pindo, na Mwalimu akasema sasa ndiyo tunaanza kupata uhalisia.

Sasa nieleze desturi moja ya mama, maana ndiyo iliyotuponza. Kila alfajiri, kabla hajaongea na mtu, mama huvua ndala, akazunguka nyumba yake peku akiomba. Anaomba kwa Kisukuma, kwa sababu Kiswahili chake ni cha sokoni, anaweza kuuzia kuku lakini hawezi kulilia. Akizunguka anataja watoto wake, kila mmoja na shida zake. Akifika upande wa machweo, ulipo uelekeo wa Nyarugusu, anasimama, anainua mikono, anamtaja mdogo wangu. Anamwomba Mungu aishikilie ardhi iliyo juu ya kichwa cha mwanawe isishuke. Maneno hayo nimeyasikia tangu mdogo wangu alipoingia kwenye duara la kwanza, duara ndilo shimo wanalochimba, na nikiyasikia huwa natulia.

Mwalimu, akienda chooni alfajiri ya kwanza, alimwona. Kesho yake alimsubiri na kamera. Alimwambia, "Mama, fanya unavyofanya siku zote, sisi utusahau." Mama akafanya, na ile kaniki yao mwilini. Hakuigiza chochote. Alizunguka, akataja, akafika upande wa machweo akasimama, na siku ile sauti ilimkatika akalia. Mwalimu naye alifuta machozi nyuma ya kamera. Neno hata moja hakuwa ameelewa.

Uzinduzi ulifanyika kanisani kwetu mjini, mchana wa Jumapili baada ya ibada, madirisha yamezibwa kwa mablanketi ili picha ionekane ukutani. Mama alikuja kwa basi na sare yake, nikamkalisha benchi la mbele. Filamu ikaenda. Mhasibu akatokea kwenye ndoto, wigi limekaa kombo, watu wakasema amina. Kisha ikaja alfajiri ya Kishapu. Mama yangu akatokea ukutani na kaniki, peku, anazunguka nyumba. Ngoma zikaanza. Macho yake, ambayo Mungu anajua yalikuwa mekundu ya kutosha, walikuwa wameyaongezea wekundu kwa kompyuta. Akainua mikono upande wa machweo, Kisukuma chake kikasikika vizuri kabisa, na chini ya picha yakapita maandishi ya Kiswahili: "Enyi mizimu, iangusheni ardhi juu ya kichwa chake."

Nyuma yetu mtu alikemea kwa jina la Yesu. Mama hasomi haraka, maandishi yalimpita. Alijisikia mwenyewe akiomba, akaona watu wanashika vichwa, akaniinamia.

"Wameandika nini pale chini?"

Nilitamani kumdanganya. Nikamwambia. Akasema, "Mimi niliomba isimwangukie."

"Najua, mama."

"Na hawa hawakusikia?"

Hilo ndilo swali ambalo mpaka leo linanichoma. Kanisa lile limejaa Wasukuma. Walikuwa wanasikia kila neno, na wengi wao wanaomba kwa maneno yale yale. Lakini nyuma yetu alikaa mwanamke mmoja wa umoja wa akina mama, mzaliwa wa huko huko Kishapu, nikamsikia anamnong'oneza mwenzake: "Ndivyo wanavyofanya, wanauficha ndani ya maneno ya sala." Yaani masikio yake yalimwambia sala, ukuta ukamwambia uchawi, akaona ukuta ndio uliosoma.

Nilimkuta Mwalimu nje anapewa mikono ya pongezi. Nikamvuta pembeni, nikamwuliza ile tafsiri kaitoa wapi. Akasema si tafsiri, ni ubunifu. Nikamwuliza imekuwaje akabuni maneno ya mama yangu wakati kanisa zima lingemwambia alichosema, hata mlinzi wa geti angemwambia.

"Dada, tulia," akasema. "Si mwishoni anaokoka?"

"Mama yangu aliokoka wewe hujazaliwa."

"Mimi nasema kwenye filamu. Na wewe ndiye uliyekuwa unalalamika kila siku Kisukuma hakipewi nafasi. Sasa kimepewa, kimesikika mpaka nje, bado unalalamika."

Nilimwambia akitoe kile kipande. Akasema filamu imeshaingia kwenye flashi na simu za watu, hairudi. Ila kwa kuniheshimu angeweka tangazo. Na kweli aliliweka. Nakala zilizofuata zinaanza na maneno makubwa, kwamba wahusika wote ni wa kubuni, na chini yake shukrani za pekee kwa mama yangu, jina lake kamili, na kijiji chake ili asichanganywe na mtu mwingine. Nilipomwona tena akaniuliza kama nimeridhika.

Filamu ikafika Nyarugusu kabla mimi sijamaliza hasira. Huko kuna vibanda umiza karibu na makarasha ya kusagia mawe, watu wakitoka shimoni wanakwenda kukaa mle kwenye joto wanaangalia picha. Mdogo wangu akanipigia simu. Sauti yake ilikuwa ya ajabu.

"Dada, mama anafanya nini kwenye sinema?"

Nikamweleza. Nikamwuliza kama wamemfukuza. Akasema hapana, ndiyo maana amechanganyikiwa. Tangu wenzake waione ile filamu wanamwachia sehemu nzuri ya kukaa na wanamsalimia kwanza. Wale wa makabila mengine wamesoma maandishi, Wasukuma wenzetu wamesoma maandishi vilevile, na wote wameelewa jambo moja: mama mwenye nguvu za kushusha ardhi atashindwaje kuipandisha dhahabu? Wanataka namba yake. Wanataka aje awazungukie duara.

Nilicheka, nisiseme uongo. Filamu ya kukomesha ushirikina, na imewapa wachimbaji anwani. Mwalimu mwenyewe aliniletea ujumbe wiki hizo hizo kwamba mama amependwa sana huko machimboni, anamfikiria kwa sehemu ya pili. Niliendelea kushona.

Kicheko kilikatika siku mama aliponipigia kusema amepata mgeni. Mchimbaji amekuja kwa pikipiki kutoka Nyarugusu, amempakia mbuzi mweusi, ameuliza nyumba ya mama yule wa filamu kuanzia mnadani mpaka kisimani, na kila aliyeulizwa amemwelekeza. Mama akampikia ugali. Akamsimulia habari za Yesu kuanzia kuzaliwa mpaka kupaa, mchimbaji anaitikia kwa heshima zote, na alipomaliza mchimbaji akauliza, na dawa yenyewe inatumikaje. Mama akamfukuza na mbuzi wake. Lakini mbuzi anakuja alionwa na kijiji kizima, na mbuzi anaondoka hakuna aliyemwona.

Baada ya hapo jirani aliyekuwa akiazima ungo akanunua wake. Watoto waliokuwa wanapita uani kwenda shule wakapata njia nyingine. Jiwe likatupwa juu ya bati, mchana kweupe, mama yumo ndani. Niliogopa jamani, sitaki kujifanya jasiri. Nilikuwa namkumbuka yule jirani wa bibi yangu, jinsi kwake pia ilivyoanza na ungo. Nilimsihi mama ahamie kwangu mjini. Akasema akiondoka watasema amekimbia, na aliyekimbia amekiri. Ila ameacha kuzunguka nyumba. Anaomba kitandani, chini ya blanketi, kimya. Nilipomwuliza kama anamfikia mdogo wangu kwa namna ile, akasema hajui, chini ya blanketi huoni machweo yako upande gani.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kusali naye kijijini. Kanisa ni dogo, wote tunajuana. Mchungaji, ambaye ni mtu mwema na mwoga, alitangaza kama kawaida kwamba mama mwenyekiti atatuombea kufunga ibada. Mama akasimama, akavua ndala, watu wakainamisha vichwa, akaanza kwa Kisukuma chake. Kawaida mama akiomba kanisa linamjibu chini chini, ndiyo Bwana, asante Bwana, kama watu wanaosaidiana kubeba mzigo. Siku ile hakujibu mtu. Nikafumbua macho.

Kanisa zima lilikuwa limefumbua macho. Walikuwa wanamtazama mama yangu, miguu yake peku, mikono yake iliyoinuka. Mwanamke mmoja alimvuta mtoto wake akampakata. Mchungaji alikuwa amefumbua jicho moja.

Mama alikuwa amefumba yake, lakini ule ukimya aliusikia. Alisita katikati ya neno. Akashusha mikono. Kisha akaanza upya kwa Kiswahili, Kiswahili cha filamu, taratibu, kila neno analiweka kama mtu anayevuka matope: ee Bwana, tunakuja mbele zako, tunakushukuru kwa wema wako. Hakumtaja mtoto hata mmoja. Kila penye "r" alijitahidi. Mmoja mmoja wakafumba macho, na alipomaliza amina ikaja kubwa kuliko ya siku zote.

Nje alikaa kwenye tofali akavaa ndala zake. Watu walikuwa wanatupita wakimpa mkono, mama hongera, umetuombea vizuri leo. Akawaitikia wote. Walipokwisha alinishika mkono nimnyanyue, akaniuliza kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini ili asisikie mtu:

"Leo nimeigiza vizuri?"